Oluoch Anakusalimia, Vaa Soksi

Laini Saba, Kibera
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Mama Katibu Jael,

Niaje! Usishtuke, hivyo ndivyo wakurugenzi wanavyosalimiana siku hizi. Ndiyo, mkurugenzi. Mimi Murjan, niliyeachia shule darasa la nne kwa sababu mwalimu na mimi hatukukubaliana nani mkubwa, sasa nina kampuni. Ofisi iko Olympic, hapa hapa Kibera. Wafanyakazi ni watatu, na hakuna hata mmoja anayethubutu kunijibu vibaya. Mmoja mwandishi, mmoja mchoraji, na mmoja ana sauti kama ya msomaji wa habari.

Haya, najua umeshakunja uso. Wacha niseme ukweli kabla Kasiva hajausema, maana huyo mama akibeba barua yangu pamoja na marobota yake ya mitumba kutoka soko la Toi, hubeba na mdomo. Ofisi ni benchi nje ya kinyozi. Kinyozi ana stima ya kuchaji simu, na hoteli ya jirani ina mtandao wa bure ukinunua strungi, chai isiyo na maziwa. Wafanyakazi wote watatu wanaishi ndani ya simu. Ni hiyo akili bandia wanayoimba kila mahali. Huyo mwandishi nimempa jina Kijana.

Ilianza kwenye ukumbi wa mtaani, palipokuwa na mafunzo ya biashara ya kidijitali. Mafunzo yalikuwa ya vijana, lakini chai na mandazi hazikuandikwa umri. Nikakaa nyuma. Mwalimu, binti mdogo kuliko viatu vyangu, akasema bidhaa ya kidijitali unaitengeneza mara moja na unaiuza mara elfu, haiozi kama nyanya, panya haili. Halafu akauliza kila mtu watu wake wa kwanza ni nani, wale watakaonunua kabla ya dunia nzima. Vijana wakatazamana. Mimi nikainua mkono.

Akaniita babu kwa Kikuyu: "Guka, sema."

Nikamwambia mimi nina klabu. Nikamweleza, Jael, mpaka mandazi zikapoa: jinsi tulivyokuwa tunajaza kadi za salamu na kuzituma redioni, zinasomwa Jumapili baada ya chakula, kila mmoja na jina lake la hewani. Mimi Chui Mstaafu wa Laini Saba. Wewe Malkia wa Hamsini na Sita, kile kituo chenu cha matatu Kawangware. Oluoch Msumari wa Soli. Shivachi Sauti ya Radi. Ndululu Baba wa Punda. Akaniuliza, "Na bado mko?" Nikamwambia, binti yangu, jana tu Ndululu amenisalimia!

Kwa hiyo biashara yangu ni kadi za salamu za simu. Kijana anaandika, mchoraji anachora, wa tatu anasoma kwa sauti, mteja anapokea kwa Wasap. Wateja wa kwanza ni Upendo Hauchachi, klabu yetu. Nipe nambari zao. Wewe ndiwe katibu, wewe ndiwe uliyekuwa ukizunguka na bahasha za michango ya matanga. Zangu zilibaki ndani ya ile simu yangu ya zamani, mulika mwizi, iliyokufa.

Na ushike simu yako! Nakupigia inalia, inalia, hushiki. Umekuwa balozi?

Wako,
Murjan, Chui Mstaafu (sasa Mkurugenzi)


Kawangware
Alhamisi, 6 Februari 2025

Murjan,

Barua yako imefika ikinuka mitumba. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu mwandiko wako ni kama kuku amekimbizwa juu ya karatasi.

Omera, ndugu yangu, mkurugenzi asiye na kiti cha kuegemea ataumwa mgongo. Beba mto.

Nambari sina. Simu yangu iliingia kwenye karai la kufulia ikameza kila kitu. Tena wenzetu uwaache. Watu wa umri wetu hawataki kadi za simu, wanataka kupumzika. Uza kwa vijana wa magorofa ya Nyayo Highrise. Wao wana mtandao, na upweke wanao mwingi. Nakwambia hivi kwa nia njema, usianze kubishana.

Simu sishiki kwa sababu wanaopiga wengi ni matapeli. Wewe ukiwa mmojawapo.

Jumapili hii inayokuja, sikiliza redio uniandikie. Andika maneno yote, usirukeruke kama kawaida yako. Nani alikusalimia, alisema nini, msomaji alisoma vizuri au aliharakisha. Na miguu bado inavimba?

Jael


Laini Saba
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mama Katibu,

Kwani wewe huna redio? Haya, amri ni amri.

Jana alikuwa Oluoch. Msomaji alisoma polepole, alikuwa ameshiba. "Oluoch Msumari wa Soli anamsalimia Chui Mstaafu wa Laini Saba. Anamwambia avae soksi na asikae nje kwa baridi." Nilicheka mpaka chai ikapanda puani. Klabu nzima imekuwa madaktari! Juzi Ndululu alinikataza chumvi. Wiki ile nyingine Shivachi, mtu wa ngurumo, ati "Chui akila, asile peke yake."

Nile na nani? Fatna wangu yuko makaburini mwaka wa sita huu. Mwanangu Ramzy yuko Doha, akipiga simu ananiuliza kama nimekula, mimi nasema nimekula, yeye anasema sawa, tunakata. Chumba cha mbele nimekodisha kwa watu wanaotoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Mimi nakula na kijiko. Lakini Jumapili, Jael, saa ya salamu, hiki chumba kinajaa. Naweza hata kusogea kidogo kwenye kiti ili Oluoch apate nafasi.

Ndiyo maana nakuambia hawa ndio wateja. Mtu anayekumbuka soksi zangu hawezi kukataa kadi yangu.

Sasa wafanyakazi. Nilimwambia Kijana aandike salamu za kwetu Kibera. Akaandika, "Katika mawio ya jua la matumaini, ninakutakia fanaka tele." Nikamwambia sisi jua likichomoza tunapanga foleni ya maji. Akasema, "Hilo ni wazo bora sana, Mzee Murjan!" Hunisifu kwa kila kitu. Nilimwandikia kwamba nimechoka, akasema ni vizuri nimelitambua hilo. Fatna aliishi nami maisha yake yote na hakunisifu hata siku moja, na yeye alikuwa ananijua.

Mchoraji nilimwomba redio ya zamani kama ile yetu. Akachora redio nzuri, inang'aa, haina kitufe hata kimoja. Ukitaka kubadilisha stesheni uombe Mungu. Nikamwomba chui mzee aliyestaafu. Akaleta chui kavaa suti, meno yote yapo, anacheka kama anatafuta kura. Huyo nimemweka hivyo hivyo, ananifurahisha.

Wa sauti hana shida, ila anasoma kama sheikh aliyelewa asali.

Na nambari hazinipigi chenga tena. Omolo, fundi wa simu hapa karibu na reli, ameifufua mulika mwizi. Zote zimo! Ijumaa ni ile siku ya wapendanao. Nitamtumia kila mtu kadi ya bure, ya kuonja, kwa jina lake, yenye sauti. Wewe pia. Ikifika, weka sikioni.

Chui Mstaafu

Miguu inavimba, lakini hiyo ni siri yako na yangu. Ramzy akijua ataniletea muuguzi.


Kawangware
Alhamisi, 13 Februari

Murjan, usizitume hizo kadi. Tafadhali. Kasiva amesimama mlangoni anataka kuondoka, siwezi kueleza kwa dakika hii. Nitakueleza yote kwa utulivu. Ngoja tu barua yangu. Usitume.

Jael


Laini Saba
Jumatatu, 17 Februari 2025

Jael,

Barua yako ya Alhamisi ilinifikia Jumamosi. Usimlaumu Kasiva, mtoto wake alikuwa na homa, hakuja Toi. Kadi zilikuwa zimeshakwenda.

Kwa Oluoch nilijibiwa na bintiye. "Nani huyu? Baba tulimzika Siaya, Desemba ya mwaka juzi. Kadi yako inamtakia maisha marefu." Kwa Ndululu alijibu mkewe. Alituma picha ya msalaba na maua yaliyokauka. Nambari ya Shivachi sasa ni ya kijana anaitwa Ryan, anauza kuku Eldoret. Alisema kadi ni nzuri lakini yeye si Radi, na wa kwanza kumpigia akimtafuta Shivachi alilia kwenye simu, kwa hiyo anadhani huyo mzee hayuko tena.

Nikaweka simu chini. Wengine sikuwangoja.

Jana Jumapili sikutaka kusikiliza, lakini miguu inakijua kiti. Saa ya salamu ikafika. Msomaji akasoma: "Oluoch Msumari wa Soli anamsalimia Chui Mstaafu. Anamwambia avae soksi, mvua iko karibu."

Mtu yuko chini ya udongo wa Siaya na anajua habari ya mvua ya Nairobi.

Niliizima. Chumba kikawa ni chumba tu.

Nilimuuliza Kijana, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Akasema huenda ni mtu mwingine mwenye jina kama hilo, na kwamba swali langu ni zuri sana.

Lakini mimi si mjinga kiasi hicho. Habari ya miguu yangu nimemwandikia mtu mmoja tu chini ya jua hili. Habari ya kula peke yangu pia. Ni yeye aliyekuwa ananiuliza kila wiki redio ilisema nini, neno kwa neno, kama mpishi anayechungulia sahani za wageni.

Nimesimama ukumbini mbele ya vijana nikawaambia nina klabu. Niambie klabu yangu iko wapi. Na usinijibu kwa matani.

Murjan


Kawangware
Ijumaa, 21 Februari 2025

Murjan,

Sitatania.

Oluoch alipokufa, miguu yako ilikuwa imeanza, na daktari alikukataza safari. Nikasema nitaenda Siaya kwa niaba ya klabu, nikirudi nitakuja mwenyewe kukuambia. Nilirudi nikakuta barua yako imepenyezwa chini ya mlango. Uliandika, "Jumapili Oluoch amenisalimia, nimekula sahani nzima." Alikuwa ametia kadi posta kabla ya kuugua. Ilisomwa tukiwa tumemaliza kumfunika. Nilisoma barua hiyo vumbi la matanga likiwa bado kwenye viatu vyangu.

Nikasema nitakuambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata hakukuwa na salamu. Ukaniandikia umelala kutwa, chai imepoa hujainywa. Nikaenda nikanunua kadi.

Nilidhani ni moja tu. Ukajibu kwamba umecheka. Kisha Shivachi akaondoka, na baadaye Ndululu, na kila mara nilikuwa na habari mkononi na kadi mkononi, na kadi ilikuwa nyepesi zaidi kubeba. Nilijua walivyokuwa wakisema. Ndululu lazima amtaje punda. Shivachi lazima apaaze sauti. Nikiwaandika nilikuwa nawasikia, na mimi pia nilikuwa nimewakosa, Murjan. Wewe ulikuwa na redio. Mimi nilikuwa na makaburi.

Sasa jambo la pili, ambalo nilikuficha zaidi ya hilo.

Sisikii. Sikio la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata mwaka jana. Wanaonitembelea hupiga kelele, mimi natazama midomo natikisa kichwa. Siku hizi hawaji sana, inachosha. Simu siishiki kwa sababu naiona tu ikitetemeka mezani kama mende aliyepinduka. Redio nimempa jirani. Kila kadi niliyotuma, sikujua kama imesomwa mpaka uniandikie. Ndiyo maana nilitaka maneno yote. Barua yako ndiyo ilikuwa redio yangu.

Kadi yako ya Ijumaa ilifika. Nilimwona huyo chui wa suti. Halafu nikaweka sikioni kama ulivyosema. Nikaiweka kifuani. Nilihisi inatetemeka, basi. Sijui uliniambia nini.

Umeniuliza klabu iko wapi. Wengine nimewatafuta mmoja mmoja, hakuna. Klabu ni mimi na wewe.

Najua nimeua biashara yako kabla haijafunguliwa, na nimekuaibisha mbele ya watoto. Ukiamua kutoniandikia tena, mwambie Kasiva mapema, nisiwe nasimama mlangoni kila Jumatatu.

Jael


Laini Saba, Kibera
Jumanne, 1 Aprili 2025

Jael,

Idd ilikuwa jana. Hukunitakia heri, lakini nimekusamehe, Idd ni siku ya mambo hayo.

Najua umesimama mlangoni Jumatatu zote hizo. Kasiva aliniambia, na alivyoniambia hakupunguza sauti, mpaka kinyozi akasimamisha mashine. Nilijificha nyuma ya Ramadhani. Mtu aliyefunga akinyamaza, watu hudhani anaomba. Mimi nilikuwa nanuna. Nilinuna kwa sababu umenidanganya, kisha nikanuna kwa sababu umeacha. Jumapili ya kwanza bila salamu nilijikuta nimesogea kwenye kiti, nimempa Oluoch nafasi. Nikakaa hivyo hivyo pembeni mpaka kipindi kikaisha. Mzee mzima.

Nilirudi ukumbini. Yule binti akaniuliza, "Guka, klabu yako imenunua?" Nikamwambia klabu yangu iko makaburini isipokuwa mama mmoja mwongo wa Kawangware. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Binti alivuta kiti akakaa karibu yangu, hakusema wazo ni bora wala baya. Nilishukuru.

Halafu sikiliza. Ryan wa kuku alinitafuta. Anataka kadi za Idd za kuwapelekea wateja wake, zenye jina la banda lake na jogoo mmoja wa heshima. Nikamtengenezea. Ndiye mteja wangu wa kwanza, na amekuja kwa nambari ya Shivachi. Yaani Shivachi hata kaburini bado anapiga kelele kwa niaba yangu! Binti wa Oluoch naye akaandika tena, kwa upole. Aliuliza kama ni kweli baba yake alikuwa akiitwa Msumari wa Soli hewani. Nyumbani hawakujua. Nikamwandikia yote niliyokumbuka, kisha nikampa kadi yenye jina hilo, aiweke. Hiyo sikuiuza.

Kijana alitaka kuandika "pumziko la milele lenye nuru tele." Nikamkataza. Nikamwambia andika: "Aliwatengenezea watu viatu, na Jumapili aliwasalimia." Akasema ni wazo bora sana. Sikubishana naye, kwa sababu safari hii nilikubali.

Yule wa sauti nimemfuta kazi. Mkurugenzi ana haki hiyo. Mchoraji nimemwambia kuanzia leo herufi ziwe kubwa kama za ukutani kwenye choo cha kulipia, mtu azione hata akiwa na haraka. Kwa hiyo simu yako ikitetemeka leo saa ya chai, usiiache ikawa mende. Ifungue. Nimekuandikia yale yale niliyosema siku ile ukaweka kifuani. Si mengi. Usimwonyeshe Kasiva.

Sasa tuje kwenye haki yangu.

Wewe mwenyewe ndiwe uliyeandika sheria za klabu. Salamu ikitumwa hewani hurudishwa hewani, na hurudishwa kwa jina la aliyetumiwa. Mimi nilimsalimia Malkia wa Hamsini na Sita, kwa jina langu, Krismasi ile kabla Oluoch hajawa mtabiri wa mvua. Ukanirudishia kama Oluoch. Ukanirudishia kama Shivachi. Ukanirudishia kama Ndululu mpaka na punda ukamtia. Malkia mwenyewe hajajibu hadi leo.

Wale wazee waache walale, wamefanya kazi ya kutosha tangu wafe.

Nataka kadi moja. Usiniambie habari ya soksi, nimevaa. Wala chumvi. Andika unachotaka, lakini juu, pale pa jina la mtumaji, uandike lako. Nitasikiliza na kukuandikia neno kwa neno, pamoja na mahali msomaji alipovuta pumzi, ili ujue jinsi jina lako linavyosikika humu ndani.

Redio nimeitia betri mpya. Kiti nimekisogeza katikati. Nirudishie salamu yangu, Jael.

Murjan
Chui Mstaafu wa Laini Saba